Picha Pana Zinapokataa Kuungana: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Kosa na Kulirekebisha kwa Hugin

Umepiga picha kumi na mbili ukizunguka uwanja mzima, umezipakia kwenye programu, na kilichotoka ni jengo lililokatika katikati, upeo wa bahari uliojikunja kama nyoka, au dirisha lenye ujumbe wa kosa bila picha yoyote. Wengi hapo hubonyeza kitufe cha kuunganisha mara ya pili, kisha ya tatu. Picha zilezile na mipangilio ileile huzaa kosa lilelile. Kinachosaidia ni kujua kosa limezaliwa katika hatua gani, kwa sababu kosa la hatua ya kwanza halitibiki kwenye hatua ya nne hata ukishinda nalo kutwa.

Hapa tunatumia Hugin, programu ya bure inayofanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Imejengwa juu ya Panorama Tools, zana ambazo Helmut Dersch wa Ujerumani alianza kuzisambaza mwaka 1998. PTGui nayo ilianzia hukohuko, kwa hiyo mengi ya humu yatakufaa hata kama hutumii Hugin. Sababu ya kuichagua Hugin ni kwamba haifichi kitu: kila namba inaweza kufunguliwa, kusomwa na kubadilishwa. Majina ya vitufe na ujumbe wa makosa tumeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini.

Ndani ya Hugin zinafanya kazi programu ndogo nne, moja baada ya nyingine. cpfind hutafuta pointi za kuungia, yaani jozi za alama zinazoonyesha kitu kilekile kwenye picha mbili. Kisha autooptimiser hutumia pointi hizo kukokotoa kila picha ilitazama wapi na lenzi ilikuwa na upana gani. Baada ya hapo nona huikunja kila picha ikae mahali pake, na mwisho enblend huchagua mahali pa mshono na kuyeyusha picha moja ndani ya nyingine.

Anza kwa kusoma namba

Kabla ya kugusa chochote, bonyeza F3. Litafunguka jedwali lenye pointi zote na umbali wa kila jozi kwa pikseli. Wastani wa chini ya 1 ni kazi safi. Kati ya 1 na 3 kwa kawaida mshono hautaonekana. Ukiona wastani wa 8, au wastani mzuri lakini pointi moja ina 140, usisogee mbele.

Sasa panga jedwali kwa umbali, kubwa juu, kisha bonyeza pointi kumi za kwanza moja moja uone zimekaa juu ya nini. Dakika tano za kazi hii zitakuokolea saa nyingi, kwa sababu mahali pointi mbovu zilipo ndipo panapotaja ugonjwa:

- Zimekaa kwenye mawingu, maji, majani au watu: ni pointi za uongo, zifutwe.
- Zimekaa kwenye vitu vya karibu tu, kama vigae vya sakafu, ukingo wa baraza au kiti, na zile za mbali ni nzuri: ni paralaksi, kamera ilihama.
- Zimekaa kwenye pembe za kila picha, karibu na mbali bila ubaguzi: data za lenzi si sahihi.
- Zote ni mbovu kuanzia picha fulani kwenda mbele: picha hiyo imefungwa mahali pasipo pake, au zumu ilibadilika.

Kama namba ni nzuri lakini unaona mapande ya mwanga angani, tatizo ni la mwangaza. Kama kila kitu ni kizuri kwenye dirisha la kuangalia lakini faili la mwisho halitoki, tatizo liko kwa nona, kwa enblend au kwenye diski.

Picha zilivyofika kwenye kompyuta

Kosa la kwanza kabisa, na linawapata sana wanaopokea picha kutoka kwa mtu mwingine, ni picha zilizopitia WhatsApp kwa njia ya kawaida. Zikipita huko hupunguzwa ukubwa na hupoteza data za EXIF, ambamo kamera iliandika urefu wa fokasi. Hugin bila data hizo haijui lenzi iliona upana gani, na itakufungulia dirisha la kuuliza. Dawa bora ni kuomba picha zitumwe tena kama dokumenti. Ikishindikana, jaza mwenyewe.

Utajazaje? Upana wa mwono kwa digrii ni mara mbili ya pembe ambayo tanjenti yake ni upana wa kihisi ukigawa kwa mara mbili ya urefu wa fokasi. Kihisi kikubwa cha milimita 36 kwa lenzi ya 24 mm kinatoa digrii 74. Kwa lenzi ya 50 mm kinatoa digrii 40. Kamera ya kihisi cha APS-C, kilicho kidogo kuliko hicho, ikiwa na lenzi ya 18 mm inatoa takriban 66 ikilazwa na 47 ikisimamishwa. Kwenye simu, tafuta urefu wa fokasi uliolinganishwa na filamu ya 35 mm. Kamera kuu nyingi ziko karibu na 26 mm, na hiyo ni takriban digrii 67 kwa picha iliyolazwa. Si lazima namba iwe kamili, maana Hugin itairekebisha yenyewe, lakini ukijaza 30 mahali pa 67 hesabu itaanzia mbali na inaweza isirudi.

Kagua pia aina ya lenzi. Lenzi ya jicho la samaki iliyosajiliwa kama ya kawaida huleta makosa ya mamia ya pikseli, na mtu huanza kufuta pointi ambazo hazina hatia.

Usikate picha kabla ya kuziunganisha. Programu huchukulia kwamba kitovu cha lenzi kiko katikati ya picha. Ukikata upande mmoja, kitovu kinahama na mipindo yote inakokotolewa kutoka mahali pasipo pake. Kama unasafisha picha za RAW, yaani picha ghafi za kamera, amua moja: rekebisha mpindo wa lenzi kwa picha zote au usirekebishe hata moja. Mchanganyiko ndio unaoua. Vivyo hivyo kwa simu zenye kamera kadhaa: gizani au kwa kitu cha karibu, simu inaweza kuhama yenyewe kutoka kamera moja hadi nyingine bila kukuarifu. Linganisha urefu wa fokasi wa kila picha kwenye orodha ya Hugin. Moja ikitofautiana, ipe namba yake ya lenzi, isishirikiane na nyingine.

Mwisho, kupandana. Picha jirani zinatakiwa kugawana kati ya asilimia 25 na 40. Kwa APS-C na 18 mm ikiwa imesimamishwa, zungusha digrii 30 kila mara: picha 12 zinafunga duara, na kila jozi inapandana kwa takriban asilimia 36. Chini ya asilimia 20 pointi zinakuwa chache na zote zinabanana kwenye ukingo, sehemu ambayo lenzi ni dhaifu kuliko kwingine kote. Kuzidisha sana nako kuna adhabu yake, tutaiona kwa enblend.

Picha zimetengana makundi

Hugin ikikuambia kuna "unconnected image groups" na kukuorodheshea namba ndani ya mabano, maana yake cpfind haikupata daraja kati ya kundi moja na lingine. Namba zinaanzia 0, kwa hiyo picha ya 4 kwenye ujumbe ni ya tano kwenye folda.

Fungua kichupo cha "Control Points", weka picha ya mwisho ya kundi la kwanza kushoto na ya kwanza ya kundi la pili kulia, utazame sababu. Mara nyingi ni ukuta mtupu uliopakwa rangi moja, anga tupu, au maji. cpfind inahitaji kona na madoa. Ukuta mweupe hauna kitu cha kushika. Kama kuna hata kidogo cha kushika, kiweke kwa mkono: swichi ya umeme, ufa, msumari, kona ya dirisha. Weka pointi nne hadi sita kwa jozi, na zitawanye juu, katikati na chini. Pointi sita zilizorundikana mahali pamoja zina nguvu ya pointi moja, kwani picha bado inaweza kuzunguka juu yake.

Kama hakuna kitu kabisa cha kushika na ulitumia kichwa cha stendi chenye digrii, usihangaike na pointi. Andika "yaw", yaani pembe ya kuzunguka kushoto au kulia, ya kila picha kwa mkono: 0, 30, 60, 90 na kuendelea. Picha za anga tupu hutibiwa hivyo, na matokeo huwa mazuri kuliko pointi za kubahatisha.

Pointi za uongo

Chukua mfano wa picha iliyopigwa Forodhani, Zanzibar, ikitazama bahari. Theluthi ya juu ni mawingu, theluthi ya chini ni maji, na katikati kuna majahazi yanayokwenda na watu wanaopita. Kila kimoja kati ya hivyo kina kona nzuri ambazo cpfind inazipenda, na vyote vimesogea kati ya picha moja na nyingine. Programu itapata pointi nyingi, kipimo kitasema zimepatikana, lakini hesabu itavutwa huku na huku na minara iliyosimama wima itainama kidogo kidogo.

Fuata mpangilio huu:

1. Endesha Celeste, kifaa cha ndani ya Hugin kinachotambua mawingu na kufuta pointi zilizokaa juu yake.
2. Endesha kisafishaji cha pointi, cpclean. Chenyewe hufuta pointi ambazo umbali wake unazidi wastani kwa mikengeuko sanifu miwili.
3. Kokotoa upya.
4. Fungua F3, futa kwa mkono zilizobaki juu ya maji, watu, magari, bendera na matawi.
5. Kokotoa tena. Rudia hatua ya 4 na 5 mpaka namba itulie.

Tahadhari moja kubwa: usifute kwa kufuata namba peke yake. Pointi yenye umbali wa 12 iliyokaa kwenye kona ya jengo la mbali inaweza kuwa ndiyo pekee inayosema kweli, na zile zenye 2 zikawa zinakubaliana juu ya mawingu yaliyosogea pamoja. Tazama imekaa juu ya nini kwanza, namba baadaye. Na baada ya kusafisha, hakikisha kila jozi bado ina pointi nne au zaidi, usije ukavunja daraja ulilolijenga.

Palipo na kitu kinachotembea sana, njia bora ni kukifunika kabla ya kutafuta pointi. Kwenye kichupo cha "Masks" chora mstari kuzunguka eneo na uchague "Exclude region". Maski hiyo itakufaa tena wakati wa kushona.

Data za lenzi zikienda wazimu

Kwenye menyu ya ukokotoaji kuna ngazi, na wengi huruka moja kwa moja hadi "Everything". Hapo ndipo picha zinapojikunja kama karatasi iliyolowa. Kila namba unayoiachia huru inahitaji pointi za kuithibitisha; zikipungua, programu hutumia uhuru huo kuficha makosa ya pointi.

Panda ngazi kwa zamu. Anza na "Positions (y,p,r)", ambayo ni mwelekeo tu. Wastani ukishuka chini ya 10, nenda "Positions and View (y,p,r,v)" ili upana wa mwono urekebike. Kisha "Positions, View and Barrel (y,p,r,v,b)". Kwa kazi nyingi hapo panatosha. Namba za mpindo a, b na c kwa lenzi ya kawaida huwa ndogo sana, kwa kawaida chini ya 0.1 bila kujali alama ya kutoa. Ukiona b imefika 0.8, hiyo si lenzi, hizo ni pointi mbovu zilizopewa ruhusa. Rudisha zote sifuri, safisha pointi, anza upya kutoka ngazi ya kwanza.

Upana wa mwono hukokotolewa kwa uhakika zaidi duara likifungwa. Kama ni picha ya digrii 360, hakikisha picha ya kwanza na ya mwisho zina pointi kati yao. Bila hizo, kosa la nusu digrii kwa kila picha linajikusanya. Picha 12 zinakuwa digrii 6, na duara linabaki na pengo au linajipanda.

Paralaksi, ugonjwa usio na dawa ya programu

Sehemu hii inastahili muda wako kuliko zote. Paralaksi hutokea lenzi inapohama mahali wakati wa kuzunguka, badala ya kugeuka tu. Kitu cha karibu kinahama mbele ya kitu cha mbali, na picha mbili zinakuwa zimeona dunia mbili tofauti. Hakuna hesabu inayoweza kuzipatanisha zote kwa pamoja.

Tazama ukubwa wake. Kamera ya pikseli 6000 kwa upana yenye 18 mm kwenye APS-C ina takriban pikseli 80 kwa digrii moja katikati ya picha. Lenzi ikihama sentimita 5 tu, kitu kilicho mita 1 kinasogea karibu digrii 2.9, yaani zaidi ya pikseli 200. Kitu kilicho mita 50 kinasogea chini ya pikseli 5. Ndiyo maana picha ya mlima au ya bahari iliyopigwa kwa mkono huungana bila shida, na ya sebuleni hukatika vipandevipande.

Sasa mwenye simu: ukiishika kwa mikono iliyonyooka, sentimita 60 kutoka kwenye mwili, na kuzungusha kiwiliwili digrii 30, lenzi inahama takriban sentimita 31. Kiti kilicho mita 3 kitasogea karibu digrii 6, ambazo kwenye picha ya pikseli 4000 ni kama pikseli 300. Hapo usiilaumu programu. Simu inatakiwa izunguke juu ya lenzi yake, nawe uizunguke simu kwa miguu.

Kuna mbinu rahisi isiyo na gharama: timazi. Funga uzi chini ya lenzi, ning'iniza nati au jiwe dogo mwishoni, na weka alama ardhini. Kila unapopiga, hakikisha nati iko juu ya alama. Ukipata umakini wa sentimita 2 au 3, picha za nje zitaungana vizuri sana.

Wenye stendi na kichwa cha panorama watafute sehemu tulivu ya lenzi, yaani pale ambapo kamera ikizunguka juu yake paralaksi haitokei, hivi:

1. Simamisha vitu viwili wima, kimoja sentimita 60 kutoka kwenye lenzi na kingine mita 5 au zaidi. Ufito na kona ya ukuta zinafaa.
2. Elekeza kamera vionekane upande wa kushoto wa picha, kimoja nyuma ya kingine.
3. Zungusha kamera mpaka vihamie upande wa kulia. Tazama kama vimeachana.
4. Vikiachana, sogeza kamera nyuma au mbele kwenye reli, milimita 5 kila mara, na urudie.
5. Visipoachana kutoka kushoto hadi kulia, andika namba ya reli. Kwa lenzi ya zumu, kila urefu wa fokasi una namba yake.

Kama picha zimeshapigwa na huwezi kurudi, kuna uokoaji wa kiasi. Futa pointi zote za vitu vya karibu ili mandhari ya mbali yafungwe kwa usahihi. Kisha chora maski kwenye kitu cha karibu kilichovunjika, uache kionekane kutoka picha moja tu; "Include region" inafanya kazi hiyo kwa kulazimisha eneo litoke kwenye picha uliyoichagua. Mshono upitishe mahali ambapo jicho halifuati mstari: majani, mchanga, kivuli. Ukipita juu ya vigae au matusi, utaonekana.

Hali moja ina dawa ya kweli: kitu bapa kama ukuta uliochorwa, kanga iliyotandazwa au ramani kubwa, kilichopigwa kwa kuhamisha kamera kando. Hapo chagua ngazi yenye "translation", ambayo inakokotoa X, Y na Z za kamera. Itafanya kazi kwa kitu bapa tu. Ukiitumia kwenye chumba chenye fanicha italeta vurugu.

Upeo wa macho uliopinda

Bahari ikitoka na umbo la herufi S, kwa kawaida pointi hazina kosa. Programu haijui upi ni wima. Jaribu "Straighten" kwanza. Ikikataa, ipe mistari wima: kwenye "Control Points" weka picha ileile kushoto na kulia, pointi moja juu ya kona ya jengo na nyingine chini ya kona hiyohiyo, na uhakikishe aina yake ni "vertical line". Fanya hivyo kwa mistari miwili au zaidi iliyoachana karibu digrii 90, halafu kokotoa.

Chagua mistari kwa makini. Nguzo ya taa na kona ya jengo jipya ni mashahidi wazuri. Mnazi si shahidi, na jengo la zamani lililoegemea kidogo litaiegemesha picha yako nzima. Baharini unaweza kutumia upeo wenyewe kama mstari mlalo, pointi moja kwenye picha ya mwanzo na nyingine kwenye picha ya mbali. Usifanye hivyo kwa paa la nyumba wala ufukwe unaopinda; hivyo si vilalo machoni mwa kamera.

Mapande ya mwanga

Anga yenye mistari wima kwenye kila mshono ina asili tatu. Ya kwanza ni kamera iliyoachwa kwenye otomatiki: kila picha imepewa mwangaza wake. Piga kwa manuali. Kwa jua kali f/8, ISO 100 na karibu 1/400 ni mwanzo mzuri, mizani ya rangi ikiwa imefungwa kwenye jua na fokasi ikiwa ya mkono. Kwenye simu bonyeza na ushikilie skrini mpaka kufuli la mwangaza na fokasi litokee.

Ya pili ni weusi wa pembeni wa lenzi. Hugin inauondoa ukiendesha ukokotoaji wa mwangaza wa "Low dynamic range". Kama rangi nayo inatofautiana, chagua ule wenye "variable white balance". Fanya hivyo baada ya mpangilio wa picha kuwa sahihi, kwa kuwa hesabu inalinganisha pikseli zinazopandana, na zisipopandana sawasawa inalinganisha anga na paa.

Ya tatu ni kichujio cha polaraizi. Nguvu yake inategemea pembe kutoka kwenye jua, kwa hiyo anga inatoka na bendi nyeusi ambayo hakuna programu itakayoiondoa kikamilifu. Kivue kabla ya kupiga.

Hesabu nzuri, faili halitoki

Hapa soma ujumbe wenyewe hadi mwisho. Ukiona "excessive image overlap detected", enblend inalalamika kwamba picha mbili zinapandana karibu zote na haioni pa kupitisha mshono. Ondoa moja, au ipunguze kwa maski. Ukiona "some images are redundant and will not be blended", kuna picha iliyofunikwa kabisa na nyingine. Ama uliipiga mara mbili, ama imefungwa mahali pasipo pake, kwa hiyo rudi F3. Ule wa "mask is entirely black" hutokea kwa kipande chembamba sana cha picha; ongeza `--fine-mask` kwenye chaguo za enblend, au badilisha mbinu ya mshono kwa `--primary-seam-generator=nft`.

"bad_alloc" ni kumbukumbu kuisha. Tazama hesabu: pikseli 80 kwa digrii mara 360 ni 28,800 kwa upana na 14,400 kwa urefu, jumla pikseli milioni 415. Kompyuta ya GB 8 itaelemewa. Punguza hadi 12,000 kwa 6,000, ambayo ni milioni 72 na inatosha kwa matumizi mengi ya skrini. Diski nayo ina mahitaji yake: picha 12 za pikseli milioni 24, kwa biti 16 na chaneli nne, ni karibu MB 192 kila moja, yaani GB 2.3 za muda kabla ya faili la mwisho. Elekeza folda ya muda kwenye diski yenye nafasi. Kumbuka pia JPEG haivuki pikseli 65,535 kwa upande mmoja. Juu ya hapo tumia TIFF au PNG.

Vipande vyeusi vya mraba, au nona kufa bila maelezo, mara nyingi ni kadi ya michoro dhaifu. Ondoa alama kwenye "Use GPU for remapping" na ujaribu tena. Na weka kazi kwenye folda yenye njia fupi isiyo na herufi za ajabu, kama `C:\pano`.

Pembe zikivutika kama mpira, angalia projeksheni, yaani namna mwono wa mviringo unavyotandazwa kuwa picha bapa. "Rectilinear" haifai mwono unaopita digrii 120. Kwa upana zaidi chagua "Cylindrical", na kwa duara zima juu na chini chagua "Equirectangular".

Kuendesha hatua moja moja

Ukishindwa kujua nani ameanguka, acha vitufe, fungua terminali ndani ya folda ya picha, na endesha mstari mmoja mmoja:

```
pto_gen -o mradi.pto *.JPG
cpfind --multirow --celeste -o mradi.pto mradi.pto
cpclean -o mradi.pto mradi.pto
linefind -o mradi.pto mradi.pto
checkpto mradi.pto
autooptimiser -a -m -l -s -o mradi.pto mradi.pto
pano_modify --canvas=AUTO --crop=AUTO -o mradi.pto mradi.pto
nona -m TIFF_m -o sehemu mradi.pto
enblend -o pano.tif sehemu*.tif
```

checkpto itakuambia kama picha zote zimeungwa. Ikisema hapana, simama hapo. nona itaacha faili kama sehemu0000.tif na sehemu0001.tif. Zifungue kwenye programu yoyote ya picha, moja juu ya nyingine. Zikipandana vizuri, kosa ni la enblend peke yake na unaweza kurudia mstari wa mwisho tu kwa chaguo tofauti, bila kukokotoa chochote upya. Zisipopandana, hakuna chaguo la enblend litakalosaidia.

Kwa picha ya digrii 360 ongeza `-w` kwenye mstari wa enblend ili ukingo wa kushoto na wa kulia ushonwe pamoja. Bila hiyo utaona mstari wima nyuma ya mtazamaji. Na ikiwa picha ni kamili, upana mara mbili ya urefu, lakini tovuti inaionyesha bapa badala ya kuizungusha, inakosa lebo ya projeksheni. Igeuze kuwa JPEG, kisha iandikie lebo kwa exiftool, programu ya kuhariri data za picha:

```
exiftool -XMP-GPano:ProjectionType=equirectangular pano.jpg
```

Pakia faili hilo lenyewe. Likipitia programu inayofuta data, lebo itapotea na itabidi uiandike tena.